Nina pistoni chakavu na mkaa: nianzie wapi kusubu alumini nyumbani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga. Nyuma ya gereji nina rundo la pistoni, bloku na makava ya injini ya alumini, na wanunuzi wa vyuma chakavu wananipa bei ya dharau. Nimeona watu mtandaoni wakiyeyusha makopo ya soda kwenye ndoo na kumimina vitu vizuri. Nataka kuanza nyumbani, kwa mkaa na draya ya saluni ya mke wangu, nitengeneze vishikizo vya milango, na baadaye misumari ya shaba kama ile ya milango ya Zanzibar. Rafiki mmoja ananiambia nianze na makopo, mwingine anasema nirukie shaba moja kwa moja. Nianzie wapi nisije nikaungua?

Jibu: Marahaba, fundi. Makopo achana nayo, shaba isubiri, na draya mrudishie mwenyewe kwa sasa. Kitu cha kwanza unachohitaji ni mchanga.

Wengi wanaoniuliza swali kama lako wanavutwa na moto, na moto ndio sehemu rahisi ya kazi hii. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Mkaa wa kawaida ukipulizwa vizuri unapita hapo bila shida. Matokeo yake mtu anajenga tanuri Jumamosi, Jumapili ana kilo mbili za alumini iliyoyeyuka na hajui aimimine wapi. Anaimwaga kwenye shimo alilochimba ardhini, au kwenye kopo lililolala nje na umande, na hapo ndipo watu wanapoungua. Ukianza na mchanga, siku utakapowasha moto kalibu, yaani umbo la mchanga la kumiminia, itakuwa tayari na mikono itakuwa imeshaizoea kazi.

Mchanga wa kusubia ni mchanga laini, udongo unaonata na maji kidogo, basi. Usichukue wa ufukweni, hata kama kwenu Tanga ndio ulio karibu. Una chumvi inayovuta unyevu, na una vipande vya makombe vinavyochafua uso wa kazi. Chukua wa mtoni, uoshe, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha uupitishe kwenye chekeche la unga. Udongo mzuri wa kunatia ni bentonaiti. Wachimba visima wanautumia, na mafundi umeme wanauweka kwenye shimo la ethi. Dai ulio mtupu, usiochanganywa chumvi wala unga wa mkaa. Changanya vikombe kumi vya mchanga na kimoja cha bentonaiti vikiwa vikavu, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukisugua mchanga kati ya viganja. Maji yakifika kama nusu kikombe, anza kupima. Ukiridhika, funika kwa nailoni uuache ulale mpaka kesho, udongo unywe maji sawasawa.

Kupima ni hivi. Kamata mchanga wa kujaa ngumi, ubane kwa nguvu, kisha fungua mkono. Bonge lionyeshe alama za vidole vyako, na kiganja kisibaki na tope. Lishike ncha mbili ulivunje katikati: likatike mkato safi, kingo zikiwa kali. Likimomonyoka, maji au udongo haujatosha. Likijipinda kabla ya kukatika, maji yamezidi, na hilo si kosa dogo, nitaeleza chini.

Sasa kigezo, yaani mfano wa mbao unaoacha umbo lake kwenye mchanga. Chonga kishikizo cha mlango kwa mbao, na kwa kuanzia chagua umbo lenye mgongo bapa ili kalibu nzima ya kishikizo ikae kwenye fremu moja. Kila ubavu unaosimama ulaze nyuzi mbili au tatu, mgongo uwe mpana kuliko uso, la sivyo kigezo kitatoka na kuta za mchanga. Kipige msasa, kipake vanishi, kipige msasa tena. Kumbuka alumini ikipoa inasinyaa kwa karibu asilimia 1.3, kwa hiyo ukitaka kishikizo cha milimita 150, kigezo kiwe 152. Tengeneza fremu mbili za mbao zinazokaliana, zenye pini za kuzirudisha mahali pale pale kila unapozifungua.

Weka kigezo kwenye ubao, mgongo chini, fremu ya kwanza ikikizunguka. Nyunyiza poda ya watoto. Tabaka la kwanza la mchanga lipitishe kwenye chekeche moja kwa moja juu ya kigezo, kisha jaza na shindilia, ukianzia kandokando. Sawazisha, geuza fremu nzima na ubao wake, ondoa ubao, na mgongo wa kigezo utauona umelala sambamba na mchanga. Poda tena, fremu ya pili juu, na ndani yake simamisha kipande cha bomba laini, upana wa kidole gumba, ambacho ukikichomoa kitaacha tundu la kumiminia. Shindilia, chomoa bomba, inua fremu ya juu na uiweke kando kwa ubavu.

Kutoa kigezo ndiko kunakohitaji subira. Funga parafujo ndogo mgongoni mwake, uigonge kwa spana kutoka pande zote nne, taratibu, mpaka uone ufa mwembamba umezunguka kigezo chote. Ndipo uvute wima, ukiendelea kugonga kidogo kidogo huku kinapanda. Mkono ukiyumba, kona inabomoka na unaanza upya. Kikishatoka, chonga kwa kijiko mfereji kutoka chini ya tundu la kumiminia hadi kwenye kishikizo, uwe mpana na usio na kina kirefu, toboa matundu ya hewa kwa spoku ya baiskeli, puliza chembe zilizodondoka, na funika.

Fanya hivyo pasipo moto, bomoa, fanya tena, mpaka kigezo kinatoka safi bila wewe kushika pumzi. Mchanga haugharimu kitu, unautumia tena na tena. Ukishachoka na mchezo huo ndipo uliangalie rundo lako.

Rundo hilo ni mali, ila lichambue. Pistoni ndizo bora kuliko vyote ulivyonavyo, kwa kuwa zina silikoni nyingi, asilimia 12 hivi na wakati mwingine zaidi, na silikoni ndiyo inayoifanya alumini itiririke mpaka kwenye pembe ndogo. Makava na vichwa vya injini navyo vinafaa. Toa ringi, pini na klipu. Bloku yenye silivu ya chuma inaweza kuingia motoni jinsi ilivyo, alumini itayeyuka na silivu utaitoa kwa koleo. Karbureta zitenge: nyingi zimesubiwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki, na zinki ikiingia kwa wingi inaifanya kazi yako ipasuke inapopoa. Utaijua kwa uzito, kwani kipande cha zinki kina uzito zaidi ya mara mbili ya cha alumini cha ukubwa uleule. Ukikuta kipande chepesi ajabu, hasa bodi ya msumeno wa minyororo, kikwangue na udondoshee siki. Kikitoa mapovu ni magnesiamu. Hiyo ikishika moto huizimi kwa maji, maji yanaichochea. Itupe nje ya hesabu.

Makopo ya soda yanashauriwa na kila mtu kwa sababu yapo bure. Ni membamba mno, kwa hiyo sehemu kubwa inaungua na kugeuka mavi, yaani takataka inayoelea juu ya alumini, kabla hujapata cha kumimina, rangi yake inatoa moshi mbaya, na aloi yake imetengenezwa kwa kuvutwa kuwa bati jembamba, si kwa kujaza kalibu. Mwenye pistoni kuhangaika na makopo ni kujitafutia kazi. Na waya wa alumini wa nguzo za umeme au vibao vya barabarani usivipokee hata ukipewa bure. Jirani zetu Kenya walifikia kusimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya aina hiyo.

Sasa maji, jambo ambalo nataka ulisome mara mbili. Maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi kama mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Tone likiwa juu ya alumini iliyoyeyuka linachemka na kutoweka. Tone likiwa chini yake halina pa kwenda, linairusha alumini yote juu, usoni mwako. Ndiyo maana mchanga uliozidi maji ni hatari, na ndiyo maana kila kitu kitakachogusa alumini, yaani koleo, kijiko cha kuengulia, hata pistoni unayoiongeza chunguni, kinapashwa moto kwanza ukingoni mwa tanuri mpaka umande na oili viishe. Usiyeyushe kitu kilichofungwa: shokabu, kopo la kupulizia, bomba lenye vifuniko. Usimimine juu ya sakafu ya saruji, kwani saruji huwa na maji ndani hata ikionekana kavu, nayo hulipuka vipande. Tandaza mchanga mkavu wa unene wa kiganja, kazi yote ifanyike juu yake. Mvua ikinusa, ahirisha.

Maji ya kupoza mtu aliyeungua lazima yawepo, ila upande wa pili wa ua. Aliyeungua amwagiliwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno na ute wa yai viache jikoni. Kwa tanuri lenyewe weka ndoo ya mchanga mkavu.

Mavazi: shati la mikono mirefu na suruali za pamba au jinsi, kamwe si poliesta, kwa kuwa inayeyuka na kugandia ngozi. Viatu vya ngozi vilivyofunika, na suruali iangukie nje ya kiatu ili cheche isiingie ndani. Kandambili hapana, na najua gereji nyingi ndizo sare. Glovu ndefu za ngozi za wachomeleaji, kinga ya uso ya plastiki na miwani chini yake. Watoto na kuku wafungiwe. Ufanyie nje, kwani moshi wa mkaa kwenye banda lililofungwa unaua bila harufu.

Tanuri lenyewe halinichukui maneno mengi. Debe la chuma la lita 20, ndani ulikandike kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na unga wa mkaa, unene wa sentimita tano au zaidi, na tundu la bomba la hewa karibu na chini, likiingia kwa pembeni ili upepo uzunguke. Mchanganyiko wa plasta na mchanga unaouona kwenye video unapendeza siku ya kwanza, kisha unapasuka. Udongo uache ukauke kivulini wiki mbili, halafu uwashe vimoto vidogo siku kadhaa kabla ya moto wa kweli. Draya inatosha kupuliza, au bloa ya gereji, ila tumia bomba la chuma refu ili plastiki isikaribie joto. Najua unayo oili chafu nyingi na kuna jiko la kuichoma linalotoa moto mkali sana. Libaki la mwakani.

Chungu cha kuyeyushia kizuri ni cha grafaiti (ile nyeusi ya kwenye penseli) na udongo. Ukikosa, kata bomba jeusi la chuma lenye ukuta wa milimita tano au sita na uchomelee kitako. Lisiwe la maji lililopakwa zinki. Lipake uji wa udongo ndani na ulikaushe, kwani alumini inakula chuma polepole. Kila kabla ya kazi ligonge kwa nyundo na ulikague kitako, siku likionyesha kuliwa litupe. Liweke juu ya kipande cha tofali, mkaa ulizunguke, na usijaze zaidi ya robo tatu.

Wewe umezoea chuma, ambacho kikiwa moto kinasema chenyewe kwa rangi. Alumini haisemi. Mchana kweupe, kwenye nyuzi 700, inaonekana kama maji ya fedha tulivu, na ikiganda ikabaki na nyuzi 400 inafanana kabisa na ile iliyo baridi. Mafundi wengi wanaungua baada ya kazi, kwa kuokota. Nunua kipimajoto cha waya cha aina ya K. Kisubiri kifike 720 hivi. Ikipita sana 750 alumini inavuta hidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na wa moto, na hidrojeni hiyo inatoka wakati wa kuganda na kuacha vishimo. Kwa hiyo usiikoroge, na usiiache motoni eti iive zaidi.

Siku ya kwanza usimimine kishikizo. Yeyusha kilo moja, engua mavi yaliyo juu, na mimina kwenye kipande cha chuma cha pembe kilichofungwa ncha zake kwa kuchomelea na kupashwa moto. Utapata mche wa alumini safi. Fanya hivyo mpaka rundo lote limekuwa miche. Utakuwa umejifunza kuinua chungu, kutembea nacho hatua mbili, na kumimina bila kusita, kazi ikiwa haina cha kuharibika.

Siku ya kishikizo, panga kwanza: kalibu iko karibu na tanuri, matofali mawili juu ya fremu kwa sababu alumini inainua mchanga inapojaa, na chuma cha pembe kilicho moto kinasubiri mabaki. Pita njia nzima na chungu kitupu. Kisha engua, sogeza mdomo wa chungu karibu na tundu, mimina kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka tundu lijae. Ukisita katikati, sehemu mbili zitakutana zikiwa zimepoa na utaona mstari kama mkunjo kwenye kazi. Mabaki yote yaingie kwenye chuma cha pembe, yasigande chunguni, kwani safari ijayo yatatanuka na kukipasua chungu cha grafaiti. Ngoja nusu saa ndipo ubomoe, kwa koleo.

Cha kwanza pengine kitakuwa na kasoro, nayo isome. Vishimo vya duara vyenye kuta zinazong'aa ni hewa: joto lilizidi, au mchanga ulilowa. Shimo lenye kuta za kukwaruza mahali pa unene ni kusinyaa, ongeza akiba nene ya alumini karibu na hapo ili sehemu nene ipate cha kunywa inapoganda. Chembe za mchanga usoni maana yake hukupuliza kalibu, au mfereji una kingo legevu.

Jambo moja nakuomba kama fundi pikipiki. Mteja atakuja kukuomba umsubie mkono wa breki, kikanyagio au kishikio cha shokabu ya mbele. Kataa. Alumini ya chakavu iliyosubiwa uani ina vishimo usivyoviona, nayo haipindi ikakuonya, inakatika. Sufuria za kupikia nazo kataa, maana hujui kilichomo kwenye chakavu kilichochanganyika. Betri za gari zisiingie kabisa uani kwako, hata kwa kuchungulia tu. Risasi, metali iliyomo ndani ya betri hizo, inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na urahisi huo ndio mtego. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu walipata sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Shaba sasa. Shaba ya njano ya misumari ya milango ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na inayeyuka kati ya nyuzi 900 na 950. Zinki yenyewe inachemka kwenye 907. Unaona tatizo: ukiikaribia joto la kumiminia, zinki inaanza kutoka kama moshi mweupe. Aliyeuvuta anatetemeka jioni kama mwenye malaria na kupona baada ya siku moja au mbili, na wachomeleaji wa mabati wanaijua homa hiyo. Maziwa wanayokunywa hayazuii chochote, kinachosaidia ni kusimama upande unaotoka upepo na kuvaa barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali. Chungu cha chuma hakifai hapo, kiwe cha grafaiti, na kiwe kingine, kisichowahi kuwekwa alumini. Moto nao uwe na bloa ya kweli.

Ukishatoa vishikizo vya alumini unavyothubutu kuvifunga kwenye mlango wa nyumba yako, ingia kwenye shaba. Misumari hiyo usiimimine mmoja mmoja. Chonga kichwa kimoja kizuri, toa nakala kadhaa kwa mbao ngumu au resini, uzipange pande mbili za mfereji mmoja kwenye kalibu ileile ya mchanga, kila kimoja na njia yake fupi ya kuingizia shaba. Vikitoka unavikata kwa msumeno wa chuma na kuvisugua kwa tupa. Mkia usiusubu pamoja na kichwa kama ni mrefu na mwembamba, hautajaa. Toboa kichwa kwa nyuma, kata meno, na ufunge kipande cha fimbo ya shaba.